Kula kwa Wabudha wa Santi Asoke, Bangkok: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ndugu zetu wanaokuja Bangkok kufuata nguo Pratunam, kuuza vito Silom au kuuguza mgonjwa hospitalini, karibu wote wanasumbuliwa na chakula. Nyama ya nguruwe iko kila kona, na hata sahani ya mboga tupu huwa imetiwa mchuzi wa samaki. Wengi huishia kula mikate na ndizi wiki nzima, au kulipa bei za hotelini. Majibu haya ni kwa ajili yao, na kwa yeyote anayetaka kula vizuri kwa fedha kidogo kwa watu waliolifanya jambo hilo kuwa sehemu ya dini yao.

Santi Asoke ni nini?

Ni jumuiya ya Wabudha iliyoko mashariki mwa Bangkok, wilaya ya Bueng Kum, ndani ya vichochoro vya barabara ya Nawamin. Ilianzishwa na mtawa Phothirak, mzaliwa wa 1934, aliyekuwa mtangazaji maarufu wa televisheni kabla ya kuacha kazi na mali na kuingia utawani mwaka 1970. Alifariki mwaka 2024. Wafuasi wake wanaishi pamoja kuzunguka hekalu: watawa wa kiume na wa kike, familia, wazee, na watoto wanaosoma shule yao wenyewe. Utawatambua kwa mashati ya wakulima ya buluu iliyokoza, na kwa kuwa wengi wao wanatembea pekupeku.

Wanashika amri tano za Kibudha: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa kileo. Ile ya kwanza wanaishika kikamilifu, kwa hiyo hawali nyama wala samaki, na chakula chao hakina mayai wala maziwa ya ng'ombe. Pembeni ya hekalu ndipo penye mgahawa wao, vibanda vya chakula na duka la bidhaa. Sehemu ya mchele na mboga hutoka kwenye vijiji vya jumuiya hiyohiyo huko mikoani, kama Pathom Asoke karibu na mji wa Nakhon Pathom, Sisa Asoke mkoani Sisaket, na Ratchathani Asoke mkoani Ubon Ratchathani, ambako wanalima bila dawa za kemikali.

Mbona bei ni ndogo hivyo? Kuna kitu wamekificha?

Hakuna. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, nami napenda kulijibu kwa urefu, maana asiyelielewa jambo hili atadhani amekula chakula cha msaada.

Wenyewe wana mfumo wa uchumi wanaouita *bunniyom*. Msingi wake ni kwamba faida ya mtu si ile fedha anayobaki nayo mfukoni, bali ni thawabu ya kile alichokiachia wengine. Mfumo una ngazi nne. Ya kwanza ni kuuza chini ya bei ya sokoni. Ya pili ni kuuza kwa gharama ileile uliyotumia. Ya tatu ni kuuza chini ya gharama, yaani kwa hasara. Ya nne ni kutoa bure. Kadiri muuzaji anavyopanda ngazi ndivyo anavyohesabiwa kuwa amepata faida zaidi. Mfanyabiashara wa Kariakoo akisikia hesabu hiyo atashika kichwa, lakini wenzetu hawa wameiendesha kwa miongo kadhaa na bado wanafungua milango kila asubuhi.

Inawezekanaje? Kwanza, wanajumuiya wanaopika, kuhudumia na kufagia hawalipwi mshahara. Wanaishi kwa mfuko mmoja wa pamoja, ambao unawalisha, unawapa malazi na kuwatibu. Pili, sehemu ya mazao ni ya kwao, hayapitii kwa dalali. Tatu, hawapendi makuu: watawa wao hula mlo mmoja tu kwa siku, na walei wengi wanafuata nyayo zao. Ukiondoa mishahara, dalali na anasa katika bei ya sahani ya chakula, kinachobaki ni kidogo sana.

Kwa hiyo anayekuhudumia hakuhurumii. Anatekeleza ibada yake, na wewe kwa kununua umemsaidia kuitekeleza. Lipa, pokea, sema asante. Tajiri anayeshuka kwenye gari lake na dereva wa pikipiki aliyeegesha nje wanapanga foleni moja na kupewa wali uleule.

Niandae kiasi gani?

Usishangae ukila ukashiba kwa baht 40 au 50, ukiweka na kinywaji. Dola moja ya Marekani ni baht thelathini na kitu. Katika kumbi za chakula za madukani mjini, sahani moja hufika baht 60 hadi 100 bila kinywaji. Beba noti ndogo na sarafu. Kumpa mama wa watu noti ya baht 1,000 kwa sahani ya wali ni kumsumbua.

Utaratibu wa kununua ukoje?

Migahawa ya jumuiya hii mara nyingi hutumia kuponi. Unafika kwenye meza ya kuponi kwanza, unatoa fedha, unapewa vikaratasi vyenye thamani ya baht chache chache. Halafu unapita kwenye sufuria na sinia zilizopangwa, unanyoosha kidole, unapakuliwa, unakata vikaratasi unavyodaiwa. Kuponi zikibaki unarudi kwenye meza ileile kurudishiwa fedha yako.

Kwa kawaida unachagua wali kwanza, kisha mboga moja, mbili au tatu juu yake. Kipimo cha wali ni kikubwa. Kama tumbo lako ni dogo, sema mapema kwa ishara ya mkono kabla kijiko cha pili hakijashuka, kwa sababu kutupa chakula pale ni jambo zito. Hawatakugombeza, lakini utaona nyuso zao.

Ukimaliza, unabeba sahani yako mwenyewe hadi sehemu ya kuoshea. Tazama waliokutangulia wanavyofanya: mabaki yanakung'utwa kwenye ndoo yake, kisha sahani inapita beseni la sabuni, kisha mabeseni ya kusuuzia moja baada ya jingine, la mwisho maji yake yakiwa safi kabisa, halafu inasimamishwa kwenye chanja ikauke. Nilimwona mzee mmoja aliyevaa suti na tai amekunja mikono ya shati, anasugua mgongo wa sahani yake kwa utulivu, kisha akaichukua na ya mtoto aliyekuwa nyuma yake. Mabaki yale hayatupwi, hugeuzwa mboji. Kilimo bila sumu, mbolea safi na elimu ya taka ni kazi tatu ambazo jumuiya hii inazihubiri kuwa ndizo zitakazoiokoa nchi yao, na kwa hiyo ndoo ya mabaki unayoiona pale ni sehemu ya mafundisho.

Kuna vyakula gani?

Hapa ndipo panaponoga kwa mtu wa pwani, kwa sababu Wathai na sisi tunakutana kwenye nazi. Utakuta michuzi ya tui zito yenye pilipili za kijani au nyekundu, ndani yake bilinganya changa, maboga, uyoga na tofu. Utakuta mboga za majani zilizokaangwa haraka kwenye moto mkali. Utakuta supu ya tambi iliyochemshwa kwa figili na uyoga badala ya mifupa, na ladha yake haina upungufu wowote. Kachumbari ya papai bichi, inayotwangwa kinuni na ndimu, pilipili, karanga na nyanya, hapa inatiwa chumvi au sosi ya soya mahali ambapo kwingine wangetia mchuzi wa samaki na kamba wakavu.

Wali mwingi ni wa mchele usiokobolewa, mwekundu au wa kahawia, wenye kutafunika. Anayetoka kwenye wali mweupe wa Mbeya atahitaji siku moja au mbili kuuzoea. Mimi nauona unashibisha zaidi, na ukishauzoea wali mweupe unaonekana hauna ladha.

Kuna pia nyama ya soya, ile inayouzwa ikiwa kavu kwenye pakiti kama tunavyoijua Nairobi na Dar es Salaam, lakini wao wanaiungia viungo hadi unasahau ilikotoka. Wengine hukwazika: ikiwa huli nyama, kwa nini uigize? Ukiwa na dukuduku hilo, achana nayo na ule uyoga. Wathai wana uyoga wa kila namna, nao ndio unaostahili sifa.

Kwa vitamu, tafuta *kluai buat chi*, ndizi zilizopikwa kwenye tui la nazi kwa sukari na chumvi kidogo. Mtu wa Tanga au Unguja akila kijiko cha kwanza atadhani ni ndizi mbivu za nazi za Ramadhani kwao nyumbani. Boga nalo hupikwa hivyohivyo. Vinywaji ni maziwa ya soya, mchaichai, na juisi nyekundu ya choya.

Pilipili je? Na mwenye mzio afanyeje?

Pilipili ni nyingi. Sema *mai phet*, maana yake usitie ukali, ingawa kwa mchuzi uliokwishapikwa haitasaidia; hapo onja kidogo kwanza. Karanga ziko kwenye kachumbari na kwenye michuzi kadhaa, na soya iko karibu kila mahali. Mwenye mzio wa karanga aseme *phae thua lisong*, na ni bora zaidi awe nayo imeandikwa kwa Kithai kwenye simu. Asiyekula ngano ajihadhari na nyama za kuigiza na sosi ya soya.

Mimi ni Mwislamu. Naweza kula pale?

Wanaokula ni wengi, lakini ujue unachoamua. Hakuna nyama ya aina yoyote jikoni, hakuna mafuta ya nguruwe, na pombe haiingii katika jumuiya, hata kwa kupikia, kwa kuwa kileo kimekatazwa na amri ya tano. Hivyo yale mawili yanayomtisha Mwislamu Bangkok, nguruwe na mvinyo wa kupikia, hayapo. Kama unataka cheti cha halali, tafuta mahali penye nembo ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Barabara ya Ramkhamhaeng, upande huohuo wa mashariki wa jiji, ina Kituo cha Kiislamu cha Thailand na Waislamu wengi, na kupata chakula huko ni rahisi.

Wapo wanaouliza kama chakula hicho kimetolewa kwanza mbele ya sanamu, na Wakristo nao huuliza wakikumbuka barua ya Paulo kwa Wakorintho. Ni swali la haki, kwa sababu maduka mengi ya Bangkok yana kijumba cha mizimu kinachowekewa vyakula na vinywaji. Asoke wanalipinga hilo waziwazi. Wanakataa hirizi, maji ya baraka, kupiga ramli na kutambikia mizimu, na ni miongoni mwa mambo waliyogombana kwayo na Wabudha wenzao. Chakula cha vibandani kimepikwa ili kiliwe na mnunuzi.

Wasabato wetu wasiokula nyama, pamoja na wanaofunga Kwaresima, watajisikia wako nyumbani.

Nitahubiriwa?

Utasikia mahubiri kwenye vipaza sauti au televisheni iliyoko ukutani, kwa Kithai. Hakuna atakayekukalia kitako kukubadilisha dini. Hutakiwi kuinamia chochote. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, usivute sigara, usije na harufu ya pombe, na ukiingia sehemu ya hekalu vua viatu. Anayevaa buibui au kanzu hatageuziwa shingo na mtu.

Naweza kuwaachia sadaka?

Hapana, si kwa mara ya kwanza. Desturi yao ni kwamba mgeni hatoi fedha kwa hekalu mpaka awe amefika angalau mara saba au amesoma vitabu vyao saba, ili atoe akiwa anajua anachokitolea. Sijui dini ngapi duniani zingethubutu kuweka sharti hilo. Ukitaka kuwasaidia, nunua chakula chao, kimalize, osha sahani.

Kwani Wabudha wote si wala mboga?

La. Wathai wengi ni Wabudha na wanakula nyama kila siku, watawa wao pia. Katika Ubudha wa Theravada, unaofuatwa Thailand, Sri Lanka na Myanmar, mtawa anakula kilichowekwa kwenye bakuli lake. Anaruhusiwa nyama ikiwa hakuona, hakusikia wala hakushuku kwamba mnyama amechinjwa kwa ajili yake. Maandiko yao yanasimulia kwamba mtawa Devadatta alimtaka Buddha awalazimishe watawa wote kuacha nyama, na Buddha akakataa. Watawa wa Kichina, wa mapokeo ya Mahayana, ndio walioacha nyama kwa jumla.

Asoke ni Theravada, lakini wanasema mnunuzi wa nyama sokoni ndiye anayemfanya mchinjaji aendelee kuchinja, kwa hiyo hawezi kujitoa kwenye amri ya kutoua. Hoja hiyo ina nguvu, na waliowapinga hawakuwahi kuijibu kwa namna iliyoniridhisha.

Nimesikia kundi hili lina mgogoro na serikali. Ni salama?

Kula ni salama kabisa. Mgogoro upo kwenye historia na ni vizuri uujue. Phothirak alijitenga na uongozi wa watawa wa Thailand mwaka 1975, akiwalaumu kwa kulegea. Mwaka 1989 mamlaka za dini zilimkataa rasmi, kesi ikafuata mahakamani, na tangu hapo watawa wa Asoke wanajiita *samana*, neno la kale la mtawa, na kuvaa mavazi ya kahawia ili wasichanganywe na wengine.

Siasa nayo imo. Mfuasi wao mashuhuri ni Chamlong Srimuang, meja jenerali aliyekuwa gavana wa Bangkok kuanzia 1985 hadi 1992, mtu anayekula mlo mmoja kwa siku na aliyejulikana kwa kuishi kimaskini akiwa madarakani. Aliufanya mgahawa wa wala mboga karibu na soko la Chatuchak ujulikane jiji zima. Jumuiya ilishiriki maandamano makubwa ya kuipinga serikali ya 2006 na 2008 na kuwapikia waandamanaji. Kwa sababu hiyo wapo Wathai wasiokanyaga kwao, na si kwa ajili ya chakula. Mgeni asiingize mjadala huo mezani.

Niende saa ngapi, na nafikaje?

Nenda asubuhi. Saa tatu hadi saa tano ndio wakati mzuri, sufuria zikiwa zimejaa. Saa nane mchana utakuta wanafunika na kuosha, na jioni hakuna kitu. Wana siku zao za kufunga mgahawa, kwa hiyo mwombe mpokezi wa hoteli awapigie kabla hujatoka.

Ukiwa Pratunam, njia nzuri ni boti ya abiria ya mfereji wa Saen Saep. Panda inayoelekea mashariki, shuka kituo cha The Mall Bangkapi, kisha chukua teksi hadi kichochoro cha Nawamin 44. Boti haisimami kwa muda mrefu, kwa hiyo ukiitwa ruka haraka, na mzigo mkubwa uache hotelini. Dereva wa teksi mwoneshe maandishi haya: สันติอโศก นวมินทร์ 44.

Bendera za njano zenye maandishi mekundu zinazoonekana penye chakula ni zao pia?

Sizo. Bendera ya njano yenye herufi เจ ni alama ya chakula cha *je*, cha mapokeo ya Wathai wenye asili ya China. Huonekana zaidi katika sikukuu ya siku tisa ya mwezi wa tisa wa kalenda ya Kichina, kati ya Septemba na Oktoba, inayosherehekewa sana Phuket na Yaowarat, mtaa wa Wachina wa Bangkok. *Je* hukataza hata vitunguu na vitunguu saumu. Ukiiona popote nchini, unaweza kuagiza ukijua hakuna nyama wala mchuzi wa samaki.

Nimesikia wana soko la mwaka mpya. Ni lipi?

Linaitwa *talat ariya*, na hufanyika Ratchathani Asoke, Ubon Ratchathani, mwaka unapoisha. Pale wanapanda hadi ngazi ya tatu ya mfumo wao: bidhaa zinauzwa chini ya gharama na sahani ya chakula inauzwa baht 1. Watu hutoka vijiji vya mbali, wakulima kwa maelfu, wakiwa na vikapu na watoto. Ni mwendo mrefu kutoka Bangkok, usiku mzima kwa treni au basi. Anayekwenda ajue wanaolengwa ni wenyeji wenye uhitaji: nunua cha kula, usijaze mabegi kwa ajili ya kwenda kuuza.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mahali kama hapa?

Hekalu la Wabudha lipo Upanga, Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka zaidi ya miaka mia iliyopita, na lina mti wa bodhi, mti mtakatifu wa Wabudha, uwanjani. Soko la chakula halina. Kwa mlo wa mboga wa bei nafuu, wanaotufaa huku ni Wahindu: mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, na Ngara na Parklands kule Nairobi, kuna migahawa midogo ya Kigujarati inayouza sinia ya dengu, chapati, wali na mboga mbili tatu. Fika saa sita mchana, kabla wafanyakazi wa ofisini hawajaijaza.